Mtoto Si Redio ya Kupelekwa kwa Fundi

Kwa kawaida ukurasa huu hujibu barua sita au saba. Mwezi huu najibu tatu tu, maana zote zinauliza jambo moja kwa midomo tofauti: mtoto ana shida, nimpeleke akazungumze na mtu? Nilianza kufundisha shule za msingi mwaka 1986, na nusu ya miaka yangu kazini nilikuwa mwalimu wa ushauri nasaha hapa Nakuru. Swali hili bado hunifanya nikune kichwa.

Mwalimu, salamu kutoka Kondele, Kisumu. Nilirudi kutoka Saudia mwezi wa Januari baada ya mkataba wa miaka miwili. Mwanangu wa kiume ana miaka tisa, yuko Gredi ya 4. Nilipokuwa nje alikaa na mama mkwe wangu Ahero, sasa tumemchukua tunaishi naye hapa, mimi, baba yake na dadake mdogo. Tangu aje anakojoa kitandani, na alikuwa ameacha akiwa na miaka minne. Shuleni amempiga mwenzake na kikombe. Nikimwita haji, na akija anasimama mlangoni tu. Mwalimu wa darasa ametuambia tumpeleke kwa mshauri nasaha na kutupa nambari ya mmoja anayetoza shilingi 2,000 kwa kikao. Mume wangu anasema mtoto wake si mwendawazimu, na elfu mbili ni karo. Mama mkwe anataka arudishwe Ahero aombewe. Mimi nauza mitumba, pesa ninaijua uchungu wake. Je, mazungumzo yatamsaidia mtoto ambaye hataki hata kuzungumza?
*Mama wa Kondele*

Mama wa Kondele, karibu nyumbani. Nahisi wengi wamekuuliza umeleta nini, na wachache wamekuuliza kama umerudi mzima.

Tuanze na mkojo kabla ya mambo ya moyo. Mtoto aliyekaa miaka yote hiyo bila kulowesha kitanda kisha akaanza tena anaweza kuwa na dhiki, kweli. Anaweza pia kuwa na maambukizi ya njia ya mkojo, au choo kigumu kinachobana kibofu, au sukari. Ndiyo, watoto nao hupata kisukari. Je, anakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni? Amekonda? Anaamka kwenda haja mara tatu nne kwa usiku mmoja? Ukiyaona hayo mpeleke hospitali leo leo. Hata usipoyaona, apimwe mkojo wiki hii. Ni kijikaratasi kinachochovywa tu, na majibu utayapata ukiwa ungali kwenye benchi. Itakuwa hasara kumlipa mshauri wiki nane kwa shida iliyokuwa ndani ya chupa.

Mkojo ukiwa safi, sasa tuzungumze.

Neno lenyewe "mazungumzo" ndilo linalotuchanganya. Mtoto wa miaka tisa haketi mbele ya mtu akaanza kueleza mambo yake kama mzee kwenye baraza la chifu. Mshauri anayejua kazi ya watoto ana sanduku la mchanga, wanasesere, vigari vya plastiki, karatasi na kalamu za rangi. Mtoto anacheza, na mchezo ndio unaosema. Kwa hiyo kukaa kimya kwa mwanao si sababu ya kutompeleka.

Nikuhadithie. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na msichana darasani, mama yake akiwa Qatar. Siku moja nilimwambia achore watu wa nyumbani kwao. Akamchora babu, akamchora nyanya, akachora mbuzi na pembe zake, wote wamesimama uani. Mama akamweka pembeni, kichwa na mabega tu, ndani ya mstatili. Nikadhani ni dirisha. Nikamwuliza, mbona mama amebaki dirishani? Akanitazama kama mtu aliyechoshwa na ujinga wa watu wazima. "Si dirisha, Mwalimu. Ni simu." Nikatazama vizuri, na kweli, kwenye kona ya mstatili alikuwa ameweka vile vijiti vya mtandao, viwili virefu na kimoja kifupi. Kwa miaka miwili mama yake hakuwa na miguu.

Wako pia alikuwa na mama wa kichwa na mabega. Sasa amekuja mzima mzima, ana miguu na mikono, na anaamuru watu wakaoge.

Hapa nitasema jambo ambalo huenda usilipende. Wewe unaona mtoto amerudishiwa mama. Yeye anaona amenyang'anywa mama mara mbili: mara ya kwanza akiwa na miaka saba, ulipopanda ndege, na mara ya pili mwaka huu, mlipomtoa kwa nyanya aliyekuwa akimwogesha na kumtafutia soksi iliyopotea kila asubuhi. Sidhani kwamba amekuchukia. Anasimama mlangoni kwa sababu hajajua kama utakaa.

Ndiyo maana nasema, kabla ya kwenda yeye, nendeni ninyi. Wazazi wengi humpeleka mtoto kwa mshauri kama redio kwa fundi: unaiacha asubuhi, unalipa, jioni unaikuta inaimba. Wiki ina saa 168. Mshauri akimchukua saa moja, zile 167 zilizobaki yuko mikononi mwenu. Mshauri mzuri wa watoto atawaita wewe na baba yake kwanza, mtoto akiwa hayupo, awaulize mambo tangu siku za mimba. Yule atakayempokea mtoto mlangoni bila kuwauliza lolote, rudi nyumbani na elfu mbili yako.

Hiyo elfu mbili, mumeo hakukosea kuihesabu. Ulizieni kwanza kitengo cha afya ya akili kwenye hospitali ya umma. Kwenu Kondele, Hospitali ya Jaramogi, ile ambayo wazee bado wanaiita Russia kwa sababu Warusi walisaidia kuijenga, ni mwendo wa miguu. Alipokosea ni kwenye neno "mwendawazimu". Mtoto aliyehuzunika hawi mwendawazimu kwa kupelekwa kusikilizwa, na akilisikia neno hilo likitoka kinywani mwa baba yake litamkaa.

Mimi ningejipa mwezi mmoja, lakini mwezi wa kazi. Mpelekeni Ahero kila wikendi ya pili, alale kwa nyanya yake, na mumwambie mapema siku ya kwenda na ya kurudi. Kila usiku mpe dakika kumi na tano ambazo ni zake, mcheze anachotaka, hata kama ni kupanga vifuniko vya soda, na usimwulize swali hata moja. Jumapili mchukue muende soko la Kibuye, mpe kazi ya kutafuta viatu vilivyopoteana na wenzake kwenye marobota. Watoto wa umri huo hufungua midomo mikono ikiwa na shughuli na hakuna anayewatazama usoni. Na lile godoro: ukilianika ukutani mwa ploti ni gazeti, kila jirani analisoma. Tandika karatasi ya nailoni chini ya shuka, fueni mapema, kisha nyamaza. Asichapwe, asitajwe mbele ya dadake.

Mwezi ukiisha na siku za kuamka mkavu zinaongezeka, achana na mshauri, pesa iende karo. Hali ikiwa ile ile, nendeni. Siku ya kwanza mwambieni mnataka kuona nini, kwa maneno ya kuhesabika: usiku mkavu mara ngapi kwa wiki, malalamiko mangapi kutoka shuleni. Mkubaliane lini mtakaa kupima. Vikao vinne au vitano vikipita na yeye mwenyewe hawezi kuwaeleza anafanya nini na kwa nini, tafuteni mwingine. Kwa hofu za watoto, ile tiba ya kuchunguza mawazo na matendo mara nyingi huenda vikao kumi na viwili hadi kumi na sita, basi msimkimbie mtu kwa kuwa wiki mbili zimepita bila muujiza.

Kuna mambo ambayo hayangoji mwezi wala wiki. Akisema afadhali afe, hata kwa mzaha. Akimuumiza yule mdogo. Akiacha kula. Na hili la mwisho nalisema polepole: mtoto akiishi mbali na wazazi, wakati mwingine kuna mtu aliyemgusa pasipofaa. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema ukiona dalili, au akikudokezea, usianze na mshauri wa elfu mbili. Anza na hospitali na polisi, au piga 116, nambari ya kusaidia watoto, haitozwi na hupokelewa mchana na usiku.

Mama mkwe na aombe. Bora zaidi, mwalike aje aombee hapo Kondele na alale siku tatu. Nadhani mtoto atalala mkavu.

Mwalimu, mimi ni baba wa Free Area, Nakuru. Binti yangu ana miaka kumi na saba, yuko kidato cha tatu. Alikuwa analia usiku na hashiki vitabu, mama yake akamtafutia mshauri. Ameenda mara sita sasa. Nilimpigia mshauri nijue huwa wanazungumza nini, akaniambia hawezi kunieleza. Na mimi ndiye ninayelipa! Sisi tulichapwa tukanyooka, hatukupelekwa kumwaga siri kwa watu baki. Hizi si tabia za Wazungu tu?
*Baba Mlipaji*

Baba Mlipaji, unalipa karo pia, na hujawahi kudai ukae naye dawati moja.

Huyo mshauri amekufanyia hisani. Binti wa miaka kumi na saba akijua kila neno lake linafika kwa baba kabla ya chakula cha jioni, atamwambia mshauri yale tu ambayo baba angependa kuyasikia, na hapo ndipo pesa yako itakuwa imetupwa. Siri hiyo ina mpaka: maisha yake yakiwa hatarini, au kukiwa na mtu anayemdhuru, mshauri anapaswa kusema. Mwulize mpaka huo yeye ameuweka wapi, ana wajibu wa kukujibu. Mwulize pia kama amesajiliwa, kwa kuwa tangu sheria ya mwaka 2014 washauri na wanasaikolojia wa Kenya wana bodi ya kuwasajili. Mwulize wanalenga nini, kuna nafuu kiasi gani, na wewe ufanye nini nyumbani. Mshauri anayekueleza kila kitu simwamini. Anayekataa hata kukuambia safari inaelekea wapi, huyo pia simwamini.

Sasa hilo la kuchapwa tukanyooka. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na mimi nilikuwa nimekishika miaka kumi na mitano. Kulikuwa na kijana wa darasa la sita aliyesinzia kila Jumatatu. Nilimchapa kila Jumatatu, muhula mzima, na kweli alinyooka: aliacha kusinzia. Muhula uliofuata nikasikia kwa jirani yao kwamba Jumapili usiku baba alirudi amelewa, na mama na watoto wakalala kwenye shamba la mahindi hadi alfajiri. Muhula mzima sikumwuliza, "Mbona huwa unalala?" Ni maneno matatu. Jina lake ninalo hadi leo, na simwandiki hapa.

Na Wazungu? Sawa, Aaron Beck, aliyeanza katika miaka ya 1960 kuwafundisha wagonjwa wake kuyachunguza mawazo yanayowaangusha, alikuwa daktari wa Philadelphia, Marekani. Lakini panda basi la kwenda Harare. Mwaka 2006 daktari mmoja wa akili, Dixon Chibanda, alianza kazi na wanawake wazee wa mtaa wa Mbare, akawafundisha kukaa na mtu kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia kulichambua tatizo moja moja. Wao shida hiyo wanaiita kufungisisa, yaani kufikiria kupita kiasi. Huhitaji kamusi ya Kizungu kulielewa neno hilo, hata mama wa mboga hapo soko la Wakulima anajua kufikiria kupita kiasi ni nini. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliopitia benchi walipata nafuu kuliko wale waliopewa huduma ya kawaida. Hao walikuwa watu wazima, nakubali, si wasichana wa kidato cha tatu. Ninachokwambia ni kwamba kusikilizwa na mtu ambaye si wa nyumba yako hakukuja kwa meli.

Badala ya kumpigia mshauri, mpeleke binti yako wewe mwenyewe kwenye kikao kijacho. Kutoka Free Area hadi mjini, kwa foleni ile ya asubuhi, mna nusu saa nzuri garini. Zima redio. Usimhoji. Njiani mkirudi mnunulie mahindi ya kuchoma, na akianza kusema, usimkatize hadi mfike langoni.

Mwalimu, mjukuu wangu mkubwa ndiye anayeniandikia. Naishi Kimilili. Binti yangu alifariki Agosti mwaka jana, akaniachia msichana wa miaka kumi. Siku ya mazishi mtoto hakulia, na hajalia mpaka leo. Shuleni anafanya vizuri, kazi za nyumbani anafanya bila kutumwa. Lakini simu ikilia usiku anaingia chini ya kitanda. Wanasema kuna mshauri hospitalini mjini, ila nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 400, na huyo mshauri anaongea Kiswahili na Kiingereza, hali mtoto amezoea Lubukusu. Je, ni lazima? Si watoto husahau?
*Nyanya, Kimilili*

Kukhu, pole sana. Mimi si wa huko, lakini nimefundisha Webuye miaka minne na neno hilo nilirudi nalo.

Hasahau. Naamini habari ya kifo iliwafikia kwa simu, tena usiku. Kama ni hivyo, mtoto anakumbuka vizuri kabisa, na mwili wake ndio unaokumbuka. Kutolia peke yake kusikutishe, kuna wanaolia na kuna wanaoosha vyombo. Wala kufiwa si ugonjwa, na si kila yatima anahitaji mshauri. Kinachonifanya nikwambie "ndiyo, tafuta msaada" ni hicho chini ya kitanda, na kwamba Agosti imekwenda mbali na bado anaingia.

Nina habari ya kukutia moyo, nayo ni ya huko huko kwenu. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Bungoma na Moshi, Tanzania, kwa watoto 640 wa miaka saba hadi kumi na tatu waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili na kubaki na dalili kama za mjukuu wako. Waliokutana nao hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo na kusimamiwa. Watoto walikaa kwa vikundi, mara moja kwa wiki, wiki kumi na mbili, na walezi wao nao wakawa na kikundi chao. Walifundishwa kutuliza mwili, kisha kidogo kidogo, kila mtoto akiwa peke yake na mshauri, wakasimulia namna mzazi alivyokufa, mpaka hadithi ikaweza kusemwa bila kuwatoa mbio. Upande wa Bungoma, nafuu ilikuwa bado inaonekana hata mwaka mmoja baadaye. Kwa hiyo usiulizie "daktari wa akili" peke yake. Uliza kwenye kituo cha afya, kwa mhudumu wa afya ya jamii, kanisani, kama kuna kikundi cha watoto waliofiwa. Kikundi kinapunguza hata nauli.

Lugha si jambo dogo, na usione aibu kuidai. Mtoto anaweza kujibu hesabu kwa Kiingereza, lakini mama yake alikufa kwa Lubukusu. Kama mshauri wa hospitali hana lugha hiyo, mwulize ni nani pale aliye nayo. Mara nyingi yuko muuguzi. Usikubali mjukuu wako mkubwa awe mkalimani, naye amefiwa.

Kwenu maneno yamekuwa dawa ya msiba tangu zamani. Mna kumuse, mzee anasimama baada ya mazishi kuwafariji waliobaki kwa maneno. Lakini kumuse haifanywi kwa kila kifo, na hata ingefanywa kwa binti yako, mtoto wa miaka kumi angekuwa anachota maji ya wageni.

Hapo nina swali. Siku ile, yeye alikuwa wapi? Aliruhusiwa kuona kaburi likifunikwa, au aliambiwa apeleke vikombe jikoni? Watoto wengi tunawaondoa, tukidhani tunawahurumia, kisha wanabaki kujijazia wenyewe ambacho hawakukiona. Zima simu usiku ikiwezekana, au iwekwe nyumba nyingine. Siku moja mkiwa wawili, mnachambua mboga, mwulize kama angependa kwenda kaburini. Akikataa, msiende, na usirudie swali hilo wiki hiyo. Akikubali, asubuhi na mapema kabla ya jua kali, mwambie achague kitu cha kumpelekea mama yake, chochote, hata kama kwako ni upuuzi. Kisha mwambie mjukuu wako mkubwa aniandikie alichagua nini.